Shanga Chini ya Mvule

Siwema alikuwa akiokota kuni chini ya mvule wenye kiota cha tai wa msituni, ndege mla kima ambaye wengi humsikia tu, wachache wamemwona. Ardhi ilikuwa imetapakaa mifupa ya kima. Katikati ya mifupa hiyo akaona shanga za buluu kwenye uzi wenye fundo. Fundo lile alilifunga mwenyewe kiunoni mwa bintiye.

Mtoto alipopotea uani, mji mzima ulisema ni uchawi wa Mwajabu, mke mwenzake. Wakamchoma ndani ya nyumba yake. Kiberiti? Alikitoa Siwema.

"Umeona nini, wifi?" akauliza dada wa mumewe, aliyekuja naye kuokota kuni.

"Mifupa ya kima tu."

Akazitia shanga kinywani, akainama atwishwe mzigo.