Kijiko cha Pili

Kalamu yangu ilikuwa juu ya mstari wa mwisho wa mtaala wa wauguzi wa chuo kikuu: Kumlisha mgonjwa, vipindi viwili.

"Futa tu, Mwalimu," alisema mkuu wa idara. "Kulisha mtu, nani asiyejua? Hapo tuweke kompyuta."

Nikamkumbuka mwalimu wetu wa uuguzi, tuliyempachika jina Bibi Kijiko. Alituketisha kitandani, akatufunga macho kwa vitambaa kwa zamu, tukanyweshana maji kwa kijiko huku tukicheka hadi mashuka yakalowa.

"Tazameni koo, wanangu," alikuwa akituambia. "Kijiko hakina safari; kingoje ameze."

Nikavuta kikombe cha chai cha mkuu.

"Hebu fumba macho kidogo."

Alicheka, akafumba. Nikamnywesha kijiko kimoja, kisha nikatulia, macho yangu kwenye koo lake.

"Mbona cha pili hakiji?"

"Ndiyo kwanza umemeza."

Kicheko kikamkauka. Macho hakuyafumbua.

"Mama yangu siku hizi nikimlisha hufumba mdomo," alisema polepole. "Nami humwambia ni mkaidi."