Jina Kwenye Kichupa

Uvimbe wa ubongoni ulipomrudia Mwalimu Shekue, madaktari walikata kipande cha uvimbe huo, wakakichunguza kwa miezi miwili, wakatafuta dawa ya kumfaa yeye peke yake. Ilifika Jumatatu asubuhi. Mkewe, Hadiya, alikipokea kichupa kwa mikono miwili.

"Hii ni yake tu, mama," daktari alimwambia. "Hata mwenye ugonjwa kama wake huenda isimfae."

"Itamponya?"

"Tutajaribu. Tungeipata mapema, ningekujibu vizuri zaidi."

Hadiya aliketi kitandani, akamwonyesha mumewe jina lililochapwa kwenye kichupa. Mwalimu, aliyewafundisha kusoma nusu ya watu wa mji ule, aliyapitishia kidole maandishi hayo, herufi moja moja, mpaka mwisho.

"Mwenyewe yuko wapi?" aliuliza kwa wasiwasi. "Mpelekeeni, maskini, asije akaikosa."

"Ni wewe, baba Salha."

Alimtabasamia kwa adabu, kama mtu anavyomtabasamia mgeni. Hadiya akamwekea kidonge ulimini, akamnywesha maji. Mengine yalimchuruzika kidevuni. Hadiya hakuyafuta. Alibaki na glasi mkononi, akilitazama koo la mumewe, akilisubiri lisogee.