Ngome ya Mzee Roshanali

"Mnara wa kaskazini ulijengwa baadaye, Anko," alisema Zaheer kwa Kiingereza chake cha Toronto, jasho likimtiririka mgongoni. "Mawe yake ni madogo."

"Madogo kweli," akaitikia Mzee Roshanali kutoka upande wa pili wa meza. "Na handaki?"

Zaheer alikuja Thornhill, nyumbani kwa kina Shelina nje ya Toronto, kumposa binti wa mzee huyo, si kufanya mtihani. Lakini Shelina, aliyekuwa akiandika tasnifu ya usanifu majengo kuhusu gofu hilo la kale lililoko mpakani mwa Wales na Uingereza, alimwonya mapema: "Baba ana wazimu wa hiyo ngome. Usipoijua, usije." Akamkabidhi sura zote sita.

Basi mwezi mzima, maskini daktari wa meno, alisoma habari za kuta na malango kila mgonjwa mmoja alipotoka na mwingine hajaingia. Binti wa watu kampenda, afanyeje?

"Handaki lilikuwa upande mmoja tu, Anko. Upande wa pili ni jabali."

"Jabali," mzee akaafiki upesi.

Kwa maneno wakapanda ngazi za ngome, wakahesabu vyumba, wakaufikia mzingiro wa maadui, ambapo walinzi walikula farasi wao. Hapo Zaheer akachanganya lango la mashariki na la magharibi. Mzee hakumsahihisha, alimkazia macho tu, kisha akajifuta paji la uso. Zaheer akaona posa imeharibika.

Shelina hakumsaidia hata kwa neno moja. Alikuwa akila taratibu, uso umemchangamka kama siku ya Idi.

Biriani ilikuwa imeshapoa. Mzee akamgeukia mkewe, Khatoon, na kuanza kusema Kiswahili, kama wafanyavyo wazee waliohamia kutoka Tanga wasipotaka vijana wa Kanada waelewe. Hakujua kwamba kwa kina Zaheer watoto waligombezwa kwa Kiswahili.

"Mama Shelina, niokoe! Tumpe msichana leo hii, mradi anyamaze. Binti yako kaniapia kwamba kijana huyu haoi kwenye nyumba isiyoijua hiyo ngome. Nimesoma sura zote sita mpaka macho yakaniuma, na sasa zimeniishia!"