Kengele ya Saa Mbili

Saa mbili kamili asubuhi, Ferdo alitikisa kengele ya ng'ombe aliyoachiwa na bibi yake. Wiki nzima iliyopita ndiyo iliyokuwa kengele ya shule, na wiki nzima mwanawe Živa alikuja akiburuta miguu hadi meza ya jikoni. Jumatatu hii hakuja mtu.

Shauri lilikuwa la Živa mwenyewe. Ana miaka kumi na minne, na kitabu cha hesabu cha mwaka mzima alikimaliza Septemba. Akatangaza kwamba shule inamchosha, afundishwe nyumbani.

"Jaribuni likizo hii ya viazi ya Oktoba, wiki moja tu," mama yake, Breda, alisema. "Ikifaa, Jumatatu tunawaandikia shule."

Ferdo alikubali akiwa amelala kwenye kochi. Hapo ndipo alipokuwa tangu kiwanda cha karatasi kilipofungwa, majira ya kuchipua.

Kumtia hamu mtoto mwenye akili namna ile si mchezo. Siku ya kwanza alipiga miayo mpaka kimio kikaonekana.

"Baba, haya ni ya chekechea. Halafu mwalimu wetu wa fizikia hunyoa ndevu. Mimi nisomeshwe na ufagio?"

Ferdo akanyoa. Akashinda maktaba mchana kutwa. Jumatano walifunga gurudumu la baiskeli kwenye roshani, wakapandisha gunia la viazi hadi ghorofa ya tatu, na jirani akauliza kama wanahama. Ijumaa alimwonyesha jinsi mti unavyogeuka karatasi, mikono imezama kwenye uji wa karatasi hadi viwikoni, chakula cha mchana kimesahaulika. Živa aliuliza swali juu ya swali.

"Leo umeimba bafuni," Breda alimwambia Ferdo jioni.

"Nilikuwa narudia somo."

Kitu kimoja tu kilimkera Ferdo. Kila alipomwambia Živa akachukue viatu vyake vya ndani, vile vya kuvaa darasani alivyoviacha shuleni, jibu lilikuwa lilelile: "Viache, Baba. Havina miguu."

Sasa, Jumatatu hii, Ferdo alimkuta Živa kwenye ujia, begi mgongoni, anafunga kamba za buti. Barua ya kuipelekea shule ilikuwa mezani, Ferdo ameshaitia sahihi.

"Nimekuchosha?"

"Hapana."

"Leo nimeandaa umeme. Ukitaka, tuache umeme, tufanye nyota. Chagua wewe."

Živa alimtazama: shati limepigwa pasi, kidevu kinang'aa, chaki imemganda sikioni. Alicheka kidogo, kisha akarudi kwenye kamba zake, ingawa zilikuwa zimeshafungwa.

"Umeme uniwekee, mwalimu. Narudi saa nane."

"Kwa hiyo shule haikuchoshi tena?"

"Haijawahi kunichosha, Baba," alisema, akiziambia buti. "Nilichoka kukukuta kwenye lile kochi."