Bomba Likikohoa

Kidole cha mume wa fundi cherehani ndicho kilichowaponza. Mzee alitaka tu wageni waone kwamba televisheni inafanya kazi. Akabonyeza, diski iliyosahaulika kwenye deki ikaanza kuzunguka, na kwenye kioo akatokea yule mama dobi wa filamu yao, kilemba kichwani, ndoo tupu mkononi.

Fundi cherehani alimkata mumewe jicho. Binti yake, kabla ya kutoka na mchumba wake kwenda kununua soda za baridi, alikuwa amemnong'oneza mlangoni: "Mama, chonde, leo ile filamu isionekane. Mtaumbuka."

Kila kitu kingine kilikuwa kimepangwa. Makochi ya jirani wa kulia, televisheni ya jirani wa kushoto, glasi za mwalimu wa kwaya. Maana wakwe hawa, kwa sifa walizozisikia, walikuwa wazito. Kijana alishasema kwamba baba yake ndiye anayefungua milango ya benki kila asubuhi, na mama yake alikuwa ameingia na kofia pana kama sinia. Fundi cherehani alishambatiza moyoni: Mama Kofia. Binti yake alimpenda yule kijana kweli kweli, na yeye kama mama aliapa kwamba dhiki ya nyumba hii haitamkosesha mume.

Hakuogopa filamu yenyewe. Aliogopa bomba.

Filamu ilimhusu dobi wa mtaa usiokuwa na maji. Siku nenda siku rudi, hakuna hata tone. Kisha, karibu na mwisho, bomba la uani linakohoa. Linakohoa hasa, kho, kho, kho, ile hewa inayotangulia maji, na mtaa mzima unatoka mbio na ndoo. Familia hii ilikuwa imeitazama mpaka diski imechubuka, na kila bomba lilipokohoa, nao walitoka mbio. Walijua ni filamu. Miguu ndiyo haikujua. Mwaka jana mzee alichomoka bafuni na taulo peke yake, akawakuta wajumbe wa mtaa wamesimama uani wakimsubiri kwa mkutano.

"Zima," fundi cherehani alimnong'oneza mumewe.

"Aa, iache, dada," Mama Kofia akadakia. "Filamu anayoipenda mtu inaonyesha ametoka wapi. Hii ni yenu?"

"Hata! Tumeikuta tu humo. Sisi tunapenda zile za majumba ya kifalme, zenye vinanda."

"Na sisi pia," Mama Kofia alisema haraka. "Lakini leo tuwatazame hao maskini. Si vibaya kujua wenzetu wanavyoishi."

Wakatazama. Mama Kofia alicheka mpaka akajifuta machozi, na ajabu yake, kila mara alianza kucheka kabla kichekesho hakijafika. Watu wa juu hao, fundi cherehani alijiambia, akili zao zinatangulia. Mume wa Mama Kofia alikaa ukingoni kabisa mwa kochi, wima, na suti yake haikupata hata mkunjo.

"Jamani, kuna watu wanaishi hivi kweli?" Mama Kofia aliuliza.

"Hata sisi tunasikia tu, mkwe."

"Na yale mapipa niliyoyaona uani?"

"Yale? Ya... ya maua."

"Mazuri. Tena yana mifuniko." Mama Kofia akashusha pumzi. Kisha akanywa nusu ya glasi yake ya maji, na nusu iliyobaki akaimimina taratibu kwenye kopo la mmea lililokuwa pembeni, mpaka tone la mwisho. Fundi cherehani akaona haya. Miaka yote hiyo, hakuwahi kujua kwamba matajiri ndivyo wanavyokunywa maji.

Kwenye kioo, mama dobi aliinama juu ya karai kavu. Ilikuwa imekaribia.

"Ukinyanyuka leo, utanitambua," fundi cherehani alimwambia mumewe bila kufungua midomo.

"Sinyanyuki ng'o. Nimefunga kamba za viatu, cha kulia na cha kushoto, fundo moja."

Fundi cherehani akabana mto wa kochi kwa mikono miwili, akafumba macho.

Kho.

Misuli ya miguu ikamruka.

Kho, kho.

Akauma mdomo. Akamfikiria binti yake ndani ya gauni la harusi, lile ambalo angelishona mwenyewe kwa mkono wake, akajikandamiza kwenye kochi kwa nguvu zote. Pembeni yake mumewe alikuwa anaguna kama mtu anayeng'olewa jino. Kelele zikapanda, vishindo vya miguu, ndoo zikigongana, watu wakiitana, hadi sebule nzima ikatikisika.

Kisha pakatulia, ukabaki muziki wa mwisho. Fundi cherehani alisikia raha ambayo hakuwa ameisikia tangu amzae huyo binti. Wameshinda! Hakunyanyuka mtu! Akafumbua macho, akatengeneza tabasamu la kistaarabu, akageuka kuwaomba wageni radhi kwa zile fujo za kimaskini.

Kochi la wageni lilikuwa tupu. Ile kofia ilikuwa inabingirika sakafuni, na kutoka uani, juu ya mlio wa mifuniko ya mapipa ikitupwa, sauti ya Mama Kofia ikaita: "Wakwe! Mmekaa humo mnangoja nini? Leteni ndoo, yasije yakakatika!"