Mwanzi Uliovuka Kilima

"Mume wangu hayuko, amekwenda Walikale," Adelaïde alisema mlangoni, mikono kiunoni. Jirani yake, Papa Nzabandora wa ng'ambo ya kilima, akamuuliza ni Walikale gani hiyo ya kuendewa pekupeku, maana viatu vya mwalimu hivi hapa kizingitini.

Watu wa kijiji cha Kingi hawaachi ugomvi upite bure. Uwanja ulikwisha kujaa.

Darini, nyuma ya vikapu vya maharagwe, Mwalimu Léonard aliziba mdomo kwa kiganja. Vumbi lilimwasha koo. Kukohoa hakuthubutu.

Alfajiri ile alijaza baruti ndani ya mwanzi, upande wa mbele akafunga ncha ya mkuki wa marehemu baba yake ili usiyumbe, akauelekeza mtoni. Alitaka kuona kwa macho yale aliyosoma: moto unasukumwa nyuma, mwanzi unakwenda mbele, na kadiri baruti inavyoungua, mwanzi unakuwa mwepesi na mbio zinazidi. Zikazidi kweli. Mwanzi ukapinda, ukavuka kilima, ukashukia upande wa kwa Nzabandora.

Baruti peke yake ilitosha kumpeleka gerezani. Lakini sasa alikuwa na hesabu nyingine: nguvu yote ile iliyoupandisha mwanzi, ulipoanguka ilimwishia nani?

"Nimezunguka nyumba zote, kila muntu anaikana," Nzabandora alisema, akiinua ile ncha ya mkuki. "Muiangalie. Iko na damu mpaka huku."

Watu wakarudi nyuma. Adelaïde akaishusha mikono kutoka kiunoni, jambo ambalo Kingi haikuwahi kuliona.

"Amelala mu lupango yangu, pale mbele ya nyumba, tangu asubuhi. Nzi imeshaanza. Hakuna mwenye atamugusa mpaka mwenyewe wa hii chuma afike. Na watoto yangu wanalia."

Léonard aliwafundisha watoto wale wote. Akawapitia kichwani, mmoja mmoja, akijiuliza ni yupi asiyekuwa miongoni mwa wanaolia.

Dari haikuwa na dirisha. Ngazi ilikuwa moja, nayo ilishukia mlangoni.

Akashuka. Akampita mkewe, akapiga magoti.

"Papa Nzabandora, njo mimi mwenye mukuki. Munifunge."

Nzabandora alimtazama, kisha akachomoa kisu. Akakigeuza, akamnyooshea mpini.

"Kufunga nini, mwalimu? Ngulube, ile nguruwe ya pori yenye ilimaliza mihogo yetu, chuma yako njo ilimuangusha. Watoto wanalia nyama, lakini nani atatangulia kula mbele ya mwenye mukuki? Kuja ukate maini. Bugali iko inapoa, karibu kwetu."