Mashine Isiyonyamaza

Kwa jina la Mola, aliyekikadiria kila chenye mwendo kituo chake, na kila chenye sauti kimya chake.

Watu wa kisa hiki ni wachache. Yupo mtunza viwanja wa shule, ambaye vizazi vya wanafunzi vilimwita Mzee Grisi. Yupo mkewe. Yupo dada yake mzee huyo, aliyekuja kuwatembelea shule ilipofungwa. Na ipo mashine ya kukatia nyasi, ile ya kupandwa na kuendeshwa mfano wa trekta dogo, ambayo mkewe aliihesabu kuwa ni mke mwenzake.

Asubuhi hiyo chai ilikwisha kupashwa moto tena, na bado ilikuwa haijamiminwa.

Ndivyo nyumba ile ilivyozoea. Mzee akiwa uwanjani, mkewe hakumwita wala hakumchungulia, alisikiliza tu. Mashine ikinyamaza, mzee keshashuka, na hapo ndipo chai humiminwa.

"Mashine yangu ina adabu," mzee hupenda kujigamba. "Nikiinuka tu kitini, nayo kimya. Haithubutu kunguruma bila mimi."

"Heri yake iliyofundishika," mkewe humjibu. "Wengine tumekushinda."

Wenziwe mashine ile, walionunuliwa nayo pamoja, walikwisha kuwa chuma chakavu. Yenyewe haikulazwa na uchafu hata siku moja. Mzee aliikwangua tumbo kabla nyasi mbichi hazijaganda, akainoa visu kwa tupa, akaimwaga oili ingali na joto ili itoke na taka zake. Kitunze kikutunze, alisema, na mkewe akakereka. Kwani yeye hakukumbuka lini alipatiwa matunzo ya namna hiyo.

Mwaka huu mashine ikaanza kumwaibisha. Kila ikipita penye matuta, ilizima ghafla. Mzee akabadili plagi, akafungua kabureta, akasafisha tangi, wapi! Akakosa usingizi, akakosa na hamu ya chakula. Mshipi wa suruali akautoboa tundu jipya kwa msumari. Mkewe alipomsihi aende hospitali, alikuja juu.

"Mgonjwa si mimi. Mgonjwa ni mashine."

"Basi Mungu aijaalie hiyo mashine ije ikuzike!"

Neno likatoka, na neno likitoka halina mlango wa kurudia. Mzee alimtazama, akaokota kitambaa chake chenye grisi, akatoka.

Mke alijuta, lakini kuomba radhi kulimshinda. Kesho yake, mumewe alipokwenda sokoni, akamwita kwa siri fundi wa pikipiki. Fundi akainua kiti, akachungulia, akacheka.

"Mama, hii haina ugonjwa. Ni mzee ndiye kawa mwepesi siku hizi."

Mke naye akacheka. Fundi akachomoa nyaya mbili za swichi iliyo chini ya kiti, akazisokota pamoja, akazifunga utepe. "Sasa haizimi, hata ipande mawe."

"Usimwambie, fundi. Na aamini ni kazi ya mikono yake."

Na kweli, leo mashine ilinguruma tangu asubuhi bila kukatika. Mke alimenya viazi jikoni huku roho yake imetulia. Hiyo ndiyo radhi yake aliyoiomba, japo mume hakuijua.

"Wifi," akasema dada wa mzee, "kaka yangu leo hashuki? Au mmegombana?"

"Ananikomoa. Nilimtolea neno zito juzi. Leo mashine imemkubali, anataka nisikie vizuri. Mwache azunguke, petroli si itamwishia?"

"Mbona kama nasikia mtu anaita?"

"Anaimba huyo. Hujui nduguyo? Akikikalia kile kiti haachi kuimba, na sauti yenyewe kama bawaba iliyokosa oili."

Dada akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akainua kichwa. "Ameita tena."

"Ameimba tena. Na hata akiita, siendi. Mwenye njaa ndiye afuataye chungu."

Wakamenya viazi. Punde sauti ile ikakoma, ukabaki mngurumo peke yake.

"Umeona?" mke akasema. "Keshachoka mwimbaji, ngoma bado inalia."

Jua likapinduka. Adhuhuri ikaingia, na Mzee Grisi, ambaye hakuwahi kuipitisha sala kwa ajili ya nyasi, hakusikika bombani akichukua udhu. Dada akamtazama wifi yake. Mke akakunja uso, akatupa kisu katika beseni.

"Haya, ameshinda. Namfuata mimi."

Kwa mara ya kwanza akamimina chai bila kungoja kimya. Akatia sukari kama mumewe apendavyo, akakifunika kikombe kwa kisahani, akatoka akijipangia maneno ya radhi, na mngurumo ukimlaki kwa utulivu.

Alipopinda pembe ya madarasa, aliiona. Ilikuwa ikizunguka duara lile lile moja, visu vimekwisha kumaliza nyasi vikafika udongoni, haitetereki hata kwenye matuta, na kitini hapana mtu. Katikati ya duara mzee alilala kwa ubavu, uso ameuelekeza nyumbani, kinywa kingali wazi.

Mola amrehemu aliyelala, na waliobaki awajaalie kimya masikioni mwao.